Sembène Ousmane kati ya kitabu na filamu: je, aliihama kalamu?

Ukiitwaa riwaya ya mwandishi huyu wa Senegali, aliyekuwa pia mtengenezaji wa filamu, utakuta jalada limeandikwa Sembène Ousmane, ilhali katika maandiko mengi kuhusu filamu zake jina hilohilo limegeuzwa likawa Ousmane Sembène. Si watu wawili. Sembène ndilo jina la ukoo, na ofisi za kikoloni za Ufaransa, kuanzia daftari la shule hadi la jeshi, zilikuwa na desturi ya kuita ukoo kwanza na mtu baadaye. Mwenyewe aliuacha mpangilio huo kwenye majalada ya vitabu vyake hata alipokuwa mashuhuri kiasi cha kuweza kuubadili. Naanza na jambo hili dogo kwa kuwa limezaa mkanganyiko mkubwa kuliko lenyewe: wasomaji wa riwaya wana Sembène wao, watazamaji wa filamu wana wao, na hadithi inayosimuliwa ili kuwaunganisha hao wawili imerahisishwa kupita kiasi.

Hadithi yenyewe huenda hivi. Palikuwa na mwandishi wa Senegali aliyeandika riwaya kwa Kifaransa, akagundua kwamba watu aliowaandikia hawajui kusoma, basi akaiweka kalamu chini akashika kamera. Kuna ukweli ndani yake, na Sembène mwenyewe aliichochea aliposema mara kwa mara kwamba sinema ni shule ya jioni ya watu wake. Lakini tazama tarehe. Filamu yake ya kwanza ya kisa ilitoka mwaka 1963. Riwaya ya L'Harmattan ilichapishwa 1964, Le Mandat 1965, Xala 1973, Le dernier de l'Empire 1981, Niiwam na Taaw 1987, na Guelwaar 1996. Mtu aliyeiweka kalamu chini haandiki vitabu kwa miaka zaidi ya thelathini baada ya kuiweka. Kilichotokea ni kigumu zaidi kukieleza, nacho kina mafundo matatu yaliyofungana: lugha, fedha, na umbo la kazi yenyewe.

Alizaliwa mwaka 1923 Ziguinchor, mji mkuu wa Casamance kusini mwa Senegali, katika familia ya Walebu, watu wa pwani. Baba yake alikuwa mvuvi, lakini kazi hiyo ilimshinda mtoto kwa sababu kila alipopanda chombo bahari ilimchafua roho. Shule nayo ilimshinda kwa namna nyingine: alifukuzwa akiwa bado mvulana baada ya kumrudishia mwalimu mkuu kipigo. Akahamia Dakar, akafanya uashi na umakanika, na mwaka 1944 akaingizwa katika jeshi la Kifaransa la askari Waafrika, wale walioitwa Tirailleurs Sénégalais. Vita vilipokwisha alirudi Dakar, hakukaa sana, akazamia meli kwenda Ufaransa. Huko alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Citroën mjini Paris, kisha akateremka Marseille kuwa kuli bandarini.

Marseille ndiyo iliyomtengeneza. Makuli walikuwa na chama cha wafanyakazi chenye nguvu, CGT, na chama kilikuwa na maktaba na mikutano. Mwaka 1950 alijiunga pia na Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa. Kisha akaumia mgongo kazini, akawa hawezi tena kubeba magunia, na mtu aliyeacha shule utotoni akapata ghafla muda wa kusoma. Maktabani alikutana na waandishi wa dunia nzima, ila Waafrika walioandika kuhusu watu kama yeye, wenye mikono yenye sugu, walikuwa wachache mno. Aliamua kuijaza nafasi hiyo mwenyewe.

Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, yaani kuli mweusi, ilitoka mwaka 1956. Wahakiki wengi huiona changa, nami sioni sababu ya kuwabishia. Lakini kisa chake kinastahili kukumbukwa kwa ajili ya yale yatakayofuata. Kuli wa Marseille anaandika riwaya, anamkabidhi mwandishi wa kike wa Kifaransa amsaidie kuichapisha, na yule mama anaichapisha kwa jina lake mwenyewe hadi inashinda tuzo. Kuli anakwenda kumdai, wanagombana, mama anakufa, naye anafikishwa mahakamani, ambako hakuna anayeamini kwamba mtu mweusi mbeba magunia angeweza kuandika kitabu kile. Swali la nani anaimiliki kazi ya Mwafrika baada ya kuitoa mikononi mwake lilikuwa tayari lipo kwenye kitabu cha kwanza, miaka saba kabla hajagusa kamera.

Kitabu kilichompa nafasi ya kudumu ni Les bouts de bois de Dieu cha mwaka 1960, kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi mto Niger ulioanza tarehe 10 Oktoba 1947 na kumalizika Machi 1948. Maana ya jina hilo ni vijiti vya Mungu, na linatokana na imani ya watu wa huko kwamba kuwahesabu binadamu walio hai ni kuwapunguzia umri, kwa hiyo unahesabu vijiti badala ya watu. Katika riwaya hiyo wake wa wafanyakazi wanatembea kwa miguu kutoka Thiès hadi Dakar, na sehemu hiyo ndiyo inayokaa zaidi akilini mwa wasomaji. Maandamano hayo ni ya mtunzi. Mgomo ni wa kweli, reli ni ya kweli, njaa ilikuwa ya kweli; safari ya wanawake aliibuni, kwa kuwa aliona historia iliyoandikwa imewasahau.

Sasa tuje kwenye lugha. Hapa msomaji wa Kiswahili ana hatari ya kuielewa vibaya hali ya Senegali kwa kuipima kwa hali yake. Shaaban Robert alipofariki mwaka 1962 alikuwa ameacha nyuma yake mashairi na riwaya kwa Kiswahili, na wasomaji waliovisoma bila kupitia lugha ya mkoloni. Senegali haikuwa na kitu cha namna hiyo katika riwaya. Kiwolofu kilikuwa kikizungumzwa na watu wengi sana, hata wale ambao si lugha yao ya kwanza, lakini shuleni kilichofundishwa kusomwa na kuandikwa kilikuwa Kifaransa. Wala si kweli kwamba Kiwolofu hakikuwahi kuandikwa. Washairi wa Kiislamu, hasa wa tarika ya Murid, walikiandika kwa herufi za Kiarabu, kama vile tenzi zetu za pwani zilivyoandikwa kwa karne nyingi. Kwa hiyo mzee wa Touba, mji mtakatifu wa Murid, angeweza kuwa msomaji hodari wa mashairi ya dini na bado akahesabiwa na serikali kuwa hajui kusoma. Kusema kwamba watu wa Sembène hawakujua kusoma ni kukichukua kipimo cha ofisi ya mkoloni bila kukiuliza maswali. Kilichowatenga na riwaya zake kilikuwa Kifaransa, na Kifaransa ndicho alichokuwa nacho.

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru alizunguka nchi kadhaa za Afrika, Kongo ikiwemo, na humo ndimo wazo la sinema lilipokomaa. Mwaka 1962, akiwa na umri unaokaribia miaka arobaini na vitabu kadhaa mgongoni, alikwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu katika studio ya Gorky chini ya mwongozaji Mark Donskoy. Alikaa kiasi cha mwaka mmoja tu. Ni vyema kukumbuka pia kwamba katika makoloni ya Ufaransa, amri ya mwaka 1934 inayojulikana kwa jina la waziri Laval ilimtaka yeyote anayetaka kupiga filamu aombe kibali kwanza, na mswada usomwe na watawala. Ndiyo sababu Paulin Soumanou Vieyra na wenzake, waliotengeneza Afrique-sur-Seine mwaka 1955, waliipiga Paris badala ya Afrika. Vieyra huyohuyo baadaye alisimamia utengenezaji wa baadhi ya filamu za Sembène.

Borom Sarret ya mwaka 1963 ina dakika ishirini hivi. Mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar anabeba watu wasiomlipa, kisha mtu nadhifu anamshawishi ampeleke mtaa wa Plateau, mtaa wa wakubwa ambao mikokoteni haikuruhusiwa kuingia. Askari polisi anamsimamisha. Mwendesha mkokoteni anapotoa karatasi zake, nishani yake ya vita inaanguka chini, na buti la askari linaikanyaga. Hakuna neno linalosemwa kuhusu nishani hiyo. Mwandishi wa riwaya angehitaji ukurasa mzima wa kueleza mtu huyu alipigana wapi na akalipwa nini. Mwandishi wa filamu amehitaji buti moja. Nionavyo mimi, sekunde hizo ndipo Sembène alipoonyesha kwamba ameelewa tofauti ya kazi hizo mbili.

Lakini sikiliza sauti ya mtu huyo: inasimulia kwa Kifaransa. Hapo ndipo hadithi iliyorahisishwa inapokwama. Kama alikwenda kwenye filamu ili azungumze na watu wake, mbona mwendesha mkokoteni wa Dakar anawaza kwa lugha ya Paris? Ni hivyohivyo katika La Noire de... ya mwaka 1966, filamu yenye urefu wa karibu saa moja iliyompa tuzo ya Jean Vigo nchini Ufaransa na Tanit ya dhahabu kwenye tamasha la Carthage, Tunisia. Diouana, msichana wa Dakar anayepelekwa Antibes na waajiri wake Wafaransa, hajui Kifaransa cha kutosha kujibu zaidi ya ndiyo bibi na ndiyo bwana. Lakini mawazo yake yanasikika kwa Kifaransa safi, kwa sauti ya mwigizaji wa Haiti, Toto Bissainthe, ilhali anayeonekana ni Mbissine Thérèse Diop.

Jibu liko kwenye fundo la pili, fedha. Maabara, mikanda na watazamaji wa kulipa vilikuwa Ufaransa. Serikali ya Ufaransa ilikuwa na ofisi ya filamu katika Wizara ya Ushirikiano iliyosaidia watengenezaji wa Afrika, nayo ilipouona mswada wa La Noire de... iliukataa, filamu ilipokwisha kutengenezwa bila msaada huo, ofisi ileile ikanunua haki za kuionyesha mahali pasipo pa biashara. Matokeo yake ni kwamba filamu inayoilaumu Ufaransa iliweza kuonekana Afrika katika vituo vya utamaduni vya Ufaransa, ilhali majumba ya sinema ya kawaida yalikuwa mikononi mwa kampuni mbili za kigeni, COMACICO na SECMA, zilizopendelea kuleta filamu za Marekani, Ulaya na India. Kuli wa riwaya ya kwanza alinyang'anywa mswada. Sembène alinunuliwa wake kihalali, na sijui kama angeona tofauti kubwa.

Hata hivyo La Noire de... inafaa kusomwa na kutazamwa sambamba, maana hadithi fupi iliyoizaa, iliyomo katika mkusanyiko wa Voltaïque wa mwaka 1962, ipo na ni rahisi kuilinganisha. Hadithi inaanza na mwisho. Ni asubuhi ya tarehe 23 Juni 1958, watu wa likizo wamejaa ufukweni wala hawana habari, na magari yanapanda kuelekea nyumba ambamo msichana amekwisha jiua. Msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza, kwa hiyo anasoma ili ajue sababu. Mwishoni gazeti linaitaja habari hiyo kwa kichwa kidogo katika ukurasa wa nne, safu ya sita. Namba hizo mbili, nne na sita, zinauma kuliko lawama yoyote.

Filamu haiwezi kuanza hapo bila kumpoteza Diouana, kwa sababu maiti haina uso wa kutazamwa kwa saa nzima. Kwa hiyo mswada wa filamu unaanza na meli inayoingia bandarini na msichana aliyevaa vizuri anayejiuliza kama atapokewa. Mtazamaji hajui lolote, anasubiri pamoja naye. Na kitu kimeongezwa: kinyago. Diouana anawapa waajiri wake kinyago cha Kiafrika kama zawadi siku anapoanza kazi Dakar. Huko Antibes kinyago kinatundikwa ukutani peke yake, kwenye ukuta mweupe. Baadaye Diouana anakidai, anagombea na bibi yake kukichukua. Baada ya kifo, bwana anarudi Dakar na sanduku na kinyago awape wazazi pamoja na fedha, ambazo mama anazikataa. Mtoto wa mtaani anakivaa kinyago na kumfuata yule bwana nyuma, kimyakimya, hadi anaharakisha kama mtu anayefukuzwa. Mtoto anakishusha, anatutazama, filamu inakwisha. Katika hadithi fupi sauti ya msimulizi ndiyo inayohukumu. Katika filamu msimulizi ameondolewa, na hukumu imekabidhiwa kitu kinachoshikika.

Ukishaliona hilo, unaelewa kazi ya mwandishi wa filamu ni nini hasa. Watu hudhani kugeuza riwaya kuwa filamu ni kupunguza: unatoa wahusika, unafuta maelezo, unabaki na mazungumzo. Sembène hakufanya hivyo. Alitafuta kitu kinachoweza kubeba maelezo yote yaliyofutwa.

Mandabi ya mwaka 1968 ndiyo iliyokata shauri la lugha. Ilitokana na Le Mandat, riwaya fupi ya mwaka 1965 iliyopewa tuzo katika Tamasha la Dunia la Sanaa za Watu Weusi lililofanyika Dakar mwaka 1966. Kisa ni chepesi. Ibrahima Dieng, mzee mwenye wake wawili na asiye na kazi, anatumiwa manioda, yaani hati ya posta ya kutumia fedha, ya faranga 25,000 na mpwa wake anayefagia barabara Paris: 20,000 amtunzie, 3,000 ampe mama yake mpwa, 2,000 ziwe zake. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Cheti kinataka tarehe, naye anachojua ni kwamba alizaliwa mwaka 1900 au karibu na hapo. Mpiga picha anachukua fedha na picha haitoki. Wakati huohuo habari za manioda zimeenea mtaani, jirani wamekwisha kuja kukopa, duka limekwisha kukopesha mchele, na deni limezidi zawadi kabla zawadi haijaonekana. Yeyote aliyewahi kuzungushwa na dirisha la ofisi, rudi kesho, leta nakala nyingine, bwana mkubwa ametoka, hahitaji kufasiriwa kisa hiki.

Filamu ilipata sehemu ya fedha kutoka mfuko wa serikali ya Ufaransa, na mtayarishaji wake alikuwa Mfaransa. Makubaliano yalikuwa itengenezwe kwa Kifaransa. Sembène alishikilia Kiwolofu, na mapatano yakawa kwamba zitengenezwe mbili: kila tukio lilipigwa kwa Kiwolofu na tena kwa Kifaransa, kwa waigizaji walewale, ambao wengi hawakuwa waigizaji wa kazi. Kiwolofu wakati huo hakikuwa na tahajia rasmi ya serikali kwa herufi za Kilatini, kwa hiyo maneno ya waigizaji yalikomazwa kwa mdomo katika mazoezi kuliko kwenye karatasi. Tamasha la Venice likaipa tuzo maalumu ya majaji. Neno mandabi lenyewe, kwa njia, ni mandat ya Kifaransa iliyovishwa Kiwolofu, kama sisi tulivyoivisha Kiswahili money order ya Kiingereza ikawa manioda.

Baada ya hapo kila filamu ilifuata lugha ya watu waliomo ndani yake. Emitaï ya mwaka 1971, kuhusu wanakijiji wa Casamance wanaoficha mchele usichukuliwe na jeshi la Ufaransa wakati wa vita, inazungumza Kidiola. Moolaadé ya mwaka 2004, ya mwisho, inazungumza Kibambara na ilipigwa katika kijiji cha Burkina Faso. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishirikiana pia na mwanaisimu Pathé Diagne kuchapisha jarida la Kiwolofu lililoitwa Kaddu. Yaani hakuwa ameyakatia tamaa maandishi. Alikuwa anajaribu kuyaleta maandishi yafike mahali sauti ilipokwisha fika. Riwaya, hata hivyo, aliendelea kuziandika kwa Kifaransa. Mkinzano huo hakuufuta, na sidhani ni haki kumfutia sisi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekata shauri tofauti na kurudi kwenye Kigikuyu, alimheshimu Sembène kiasi cha kushirikiana na Manthia Diawara kutengeneza filamu kuhusu maisha ya Sembène, iliyotoka mwaka 1994.

Xala inaonyesha jinsi riwaya ya 1973 na filamu ya 1975 zinavyosema jambo moja kwa midomo miwili. Mfanyabiashara El Hadji Abdou Kader Beye anaoa mke wa tatu na usiku wa harusi anajikuta hana nguvu za kiume. Amelogwa, na aliyemloga yuko karibu kuliko anavyodhani. Riwaya inatupitisha ndani ya aibu yake, madeni yake na zamu za wake zake. Filamu inafungua na jambo jipya: Waafrika wanaingia Chama cha Wafanyabiashara cha Dakar, wanawatoa Wafaransa na masanamu yao, watu wanashangilia, muda si muda Wafaransa wanarudi na mikoba, wanamwekea kila mjumbe mkoba wake mezani, nao wajumbe wanachungulia ndani na kuona noti. Dakika chache, na habari ya uhuru imekwisha elezwa. Gari la Mercedes la El Hadji linaoshwa kwa maji ya chupa ya Evian. Binti yake Rama anamsemesha kwa Kiwolofu, yeye anajibu kwa Kifaransa; na siku wenzake wanapomfukuza chamani, anapotaka kujitetea kwa Kiwolofu anakatazwa. Wakaguzi wa filamu wa Senegali waliikata mahali kadhaa kabla haijaonyeshwa, na Sembène akawagawia watu karatasi zenye maelezo ya sehemu zilizokatwa. Kamera ilipozibwa mdomo, karatasi ikasema.

Ceddo ya mwaka 1977 ilipata mkasa ambao ungefaa uwe wa kubuni. Filamu inasimulia kijiji cha zamani kilichobanwa kati ya imamu, padri na mfanyabiashara wa watumwa, na inaishia kwa binti mfalme kumpiga imamu risasi. Serikali ya Rais Léopold Sédar Senghor iliizuia, na sababu rasmi iliyotolewa ilikuwa tahajia: neno ceddo, yaani watu waliokataa kusilimu, liandikwe kwa d moja, cedo. Senghor alikuwa mshairi na mwalimu wa sarufi, na serikali yake ilikuwa imetoa kanuni za kuandika Kiwolofu. Sembène alishikilia d mbili, kwa kuwa katika Kiwolofu konsonanti iliyokazwa hubadili neno. Msomaji anayejua Luganda na jjajja zake ataelewa mara moja ugomvi ulikuwa wa nini. Wachache waliamini kwamba tatizo lilikuwa herufi tu, katika nchi ambayo wengi ni Waislamu na viongozi wa tarika wana uzito kisiasa. Filamu haikuonyeshwa Senegali hadi Senghor alipoondoka madarakani. Sembène alilijengea neno hilo makao: nyumba yake ya Yoff, ufukweni mwa Dakar, aliiita Galle Ceddo, kwa d mbili.

Baada ya Ceddo ilipita zaidi ya miaka kumi bila filamu ndefu, na hapo ndipo alipoandika Le dernier de l'Empire, riwaya nene ya siasa ambayo si bora katika kazi zake. Alirudi mwaka 1988 na Camp de Thiaroye, aliyoiongoza pamoja na Thierno Faty Sow, kuhusu tarehe 1 Desemba 1944, siku jeshi la Ufaransa lilipowafyatulia risasi askari Waafrika waliorudi kutoka utekwani Ujerumani na kudai malipo yao. Mwaka huohuo Sembène mwenyewe alikuwa amevaa sare ile. Filamu ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Senegali, Algeria na Tunisia, bila fedha za Ufaransa, na kwa miaka mingi haikuonyeshwa Ufaransa. Idadi ya waliokufa, ambayo taarifa rasmi iliweka kuwa 35, inabishaniwa na wanahistoria mpaka leo. Mwaka 2024 rais wa Ufaransa alikiri kwa barua kwamba yalikuwa mauaji ya kikatili.

Guelwaar inaivunja kabisa dhana ya kwamba kwake kitabu kilitangulia na filamu ikafuata. Filamu ilitoka mwaka 1992: Mkatoliki Pierre Henri Thioune, mpinzani mkali wa misaada ya chakula kutoka nje, anafariki, na mwili wake unazikwa kimakosa katika makaburi ya Waislamu. Riwaya ilikuja 1996, miaka minne baadaye. Hakuna aliyemdai aiandike. Aliiandika kwa sababu ukurasa ulikuwa na nafasi ya mambo ambayo kamera ilikuwa imeyapita mbio, na kwa sababu, nadhani, alikuwa bado ni yule kuli wa maktaba ya Marseille.

Moolaadé, kuhusu mwanamke anayewahifadhi wasichana wanne wasikeketwe, ilishinda tuzo ya kitengo cha Un Certain Regard mjini Cannes mwaka 2004, Sembène akiwa na miaka themanini na zaidi. Alifariki Dakar tarehe 9 Juni 2007. Zilibaki kazi mbili kubwa ambazo hazikuvuka. Les bouts de bois de Dieu, riwaya yake inayofahamika kuliko zote, hakuwahi kuifanya filamu. Na mswada wa filamu kuhusu Samori Touré, mfalme aliyepigana na Wafaransa hadi wakamkamata mwaka 1898, aliufanyia kazi kwa miaka mingi bila kupata fedha za kuupiga. Ile ya kwanza imebaki kwa wanaosoma. Ya pili imebaki karatasi.